Sura Niliyoikata kwa Wembe

Mwanangu Thuraya,

Salamu nilikupa asubuhi uliponiletea chai, kwa hiyo naziruka. Naanza na lile ambalo mtu wa kazi yangu angeliweka ukurasa wa mwisho, au angelipaka wino lisisomeke kabisa. Naumwa. Ni saratani ya ini, na imeshatoka kwenye ini ikaenda kwingine. Daktari hakunipa tarehe. Alisema Idi hii inayokuja nitaiona, na mimi sikumwuliza ya mwakani.

Basi nimeliandika. Nimekaa nikalitazama hapo juu, na mkono wenyewe ukawa unapapasa meza kutafuta kalamu nyeusi.

Wewe saa hizi uko madukani Ruwi na shangazi yako Raya, mnatafuta begi la pili kwa sababu la kwanza limekataa kufunga. Kesho asubuhi unaondoka kwenda Uingereza kusoma. Nimebaki peke yangu sebuleni na hiki kiyoyozi kinachokoroma. Mambo ya koti la baridi, dawa ya mafua, na namna ya kuifunga achari ya ndimu isimwagikie nguo, hayo shangazi yako ameshakuambia mpaka umeziba masikio, na anayajua kuliko mimi. Mimi ninalo moja tu. Nitalizunguka kidogo kabla sijalifikia, nivumilie.

Siku niliyotoka hospitali na majibu nilimwambia Raya, maana ni dada yangu na sina mwingine. Alilia, akajifuta kwa ukaya wake wa kichwani, kisha akageuka mtu wa mipango.

"Usimwambie mtoto," alisema. "Mwache akafike, akaanze masomo, atulie. Khalafu utamwambia pole pole."

"Lini?"

"Akija likizo."

"Na mimi nikiwa sipo?"

"Audhubillahi! Usijitabirie. Mwambie ini limevimba kidogo, khalas. Nani anakufa kwa ini kuvimba kidogo?"

Usimchukie shangazi yako. Anasema kwa mapenzi. Lakini kila neno alilolitoa nilikuwa nimeshalisema mimi zamani, kwa sauti hiyohiyo ya huruma, juu ya mama yako. Niliingia chooni nikafungua bomba ili asinisikie.

Nakujua wewe. Ukijua, utarudisha begi chini ya kitanda, na keshokutwa utakuwa jikoni unanikorogea uji, na nafasi yako ya masomo atapewa mwingine. Usipojua, utakwenda ukiwa na furaha, halafu siku moja simu italia katika chumba cha baridi na utajua kwamba baba yako amekufanyia tena. Wiki nzima nimetafuta njia ya tatu. Haipo. Nimechoka kuitafuta.

Nianze na Bibi wa Mvua, yule mwandishi wetu, kwa sababu wewe na mimi hatujawahi kuzungumza jambo zito bila ya yeye kuwa katikati.

Kazi yangu unaijua kwa jina, lakini hukuwahi kuniona nikiifanya. Sisi tuliorudi Maskati kutoka Unguja tulikuja na Kiingereza kizuri na Kiarabu cha kuchekesha, na kwa ajili ya kile Kiingereza tukapewa madawati ofisini. Dawati langu lilikuwa la kusoma. Vitabu na magazeti ya nje yalipofika, yalipita kwanza mbele yangu kabla hayajafika dukani. Nilikuwa na kalamu ya wino mzito mweusi, wembe na muhuri. Magazeti ya mitindo ndiyo yaliyonimaliza, mikono na miguu ya wanawake kutwa nzima, naipaka wino hadi vidole vyangu vyenyewe vinakuwa vyeusi. Mama yako alikuwa akinifungulia mlango huku kaziba pua. "Karibu, fundi rangi," alikuwa akisema.

Siku moja kikafika kitabu cha yule mama wa Kiingereza, cha kwanza. Hakuna aliyemjua wakati ule. Mkubwa wangu wa kazi aliona picha ya jaladani, lango na kivuli cha mtu, akaniletea kwa ncha za vidole.

"Shughuli yako hii," aliniambia. "Naona huyu anafundisha sihiri."

Nilikisoma nikasahau kwenda kula. Unakijua kuliko mimi, lakini acha nikisimulie, leo nataka. Mji ambao mvua haijawahi kukatika. Msichana ambaye kazi yake ni kuwasha taa za njia inayokwenda langoni. Wafu wa mji ule hupita langoni wakaenda kupumzika, ila hakuna anayeweza kupita mpaka mtu aliyempenda asimame pale na kumwita kwa jina lake, kwa sauti. Asiyeitwa hubaki akitangatanga mvuani, karowa, anagonga milango ya watu wasiomsikia.

Niliandika maoni yangu: hizi ni ngano, na sihiri yake haiwezi kutendeka Maskati kwa sababu inahitaji mvua. Mkubwa wangu alicheka mpaka akakohoa, akatia saini, kwa sharti kwamba nipake wino mistari ya ulevi na ya mabusu. Nakala moja nikaja nayo nyumbani.

Ulikuwa na miaka saba. Mvua ulikuwa ukiijua kama jambo la kutoka nje na kupiga kelele, inakuja mara moja kwa kipindi kirefu, inatimua vumbi na kwisha. Nilipokusomea kwa Kiswahili, ukurasa baada ya ukurasa, uliuliza kama yule mama aliyekiandika anaishi ndani ya mvua ile. Ukampa jina lake palepale, Bibi wa Mvua, na nyumba nzima ikamwita hivyo.

Unaukumbuka mchezo wetu? Tulipofika kwenye mstari mweusi uliuweka ukurasa mbele ya taa, ukafinya jicho moja.

"Baba, chini ya hapa pana nini?"

"Hapo wamekunywa mvinyo."

"Na hapa?"

"Hapo amembusu."

"Wapi?"

"Thuraya, mwanangu, lala."

Ulicheka ukijifunika shuka. Mama yako alikuwa akisema kwa Mungu tutajibu sote wawili, mimi kwa kupaka na wewe kwa kupakua. Lakini kila ulichouliza nilikujibu. Ndiyo maana ulikua ukiamini kwamba wino wa baba yako ni wa watu wengine, kwamba wewe ukiuliza tu utaambiwa kilicho chini yake.

Bibi wa Mvua akapata jina duniani. Nilikuwa nikimfuatilia katika yale magazeti kama mtu anayefuatilia habari za shemeji yake. Alikuwa mpishi wa shule katika mji mdogo wa wachimba makaa. Aliandika kitabu kile nyuma ya karatasi za orodha za chakula, kati ya kuosha masufuria na kengele ya kutoka. Wachapishaji walimrudishia mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho akachapa vichache kwa kumwonea haya. Watoto wakaambizana. Baada ya hapo hata duka la Qurum likaweka picha yake dirishani, na watoto wa Maskati wakapanga foleni na mama zao. Akawa tajiri wa kutupa, na bado akapigwa picha katika nyumba ileile ya matofali, kavaa sweta lililotoboka kiwiko. Mama yako aliikodolea macho picha ile. "Pesa zote hizo! Mpelekeni khanga huyo bibi, jamani."

Msimu ule kilipokuja kitabu cha pili, mama yako alikuwa ameanza kuumwa.

Nilikisoma ofisini kama cha kwanza, na nilipofika katikati nikakifunga. Mama yake msichana wa taa anakufa. Sura nzima. Binti hataki kwenda langoni, anasema asipomwita mama yake atabaki mjini, hata kama ni mvuani, na watu wanamwachia aamue mwenyewe. Mwisho anakwenda na kumwita. Hapakuwa na mvinyo wala busu ndani yake. Sikuwa na sababu yoyote ya kazi ya kuigusa, nikakipigia muhuri kizima na kikaenda dukani kizima. Nakala niliyokuja nayo nyumbani niliiweka juu ya meza ya jikoni, nikaitoa sura ile kwa wembe wa ofisi, karatasi kwa karatasi, karibu kabisa na mshono isijulikane. Watoto wote wa Maskati waliisoma sura ile isipokuwa wangu.

Uligundua siku ileile. Nambari za kurasa zilikuwa zimeruka.

"Makosa ya wapiga chapa," nilikuambia.

Hukuuliza tena. Ulikuwa hujawahi kuwa na sababu ya kuuliza mara mbili.

Yaliyofuata unayajua, na sikuandikii ili nikutubie. Tulishagombana juu yake ukiwa mkubwa na maneno yote makali ulishayasema, na yalikuwa ya kweli. Nayarudia kwa kuwa nataka uone jinsi mtu anavyofika huko. Mimi mwenyewe kwa miaka sikuona.

Nilimpeleka mama yako Madras kutibiwa. Nikamzika hukohuko. Nilirudi Maskati peke yangu, matanga tukayaweka nyumbani kwa Raya, Bawshar, na wewe tukakuacha kwa bibi yako usione watu waliovaa nyeusi. Kila mtu katika ukoo alifunga mdomo kwa sababu mimi niliwaomba. Nilikuambia mama bado anatibiwa. Nilikuambia anakusalimu. Na lile la bangili. Kule Madras, kabla hajafa, nilikuwa nimemnunulia bangili za kioo kumfurahisha, na zilikuwa bado katika karatasi yake. Nikawa nakuletea moja moja, na kila moja nikisema mama kaituma. Ulizivaa mkono mmoja, zikawa zinalia ukipanda ngazi, na mimi nilikuwa nikisikia mlio ule naondoka naingia chumba kingine.

Katikati ya kipindi hicho hicho gazeti moja lililetwa mezani kwangu, na ndani yake Bibi wa Mvua amehojiwa kirefu. Aliulizwa lango lake kalitoa wapi. Alieleza kwamba mama yake alikufa yeye akiwa mdogo, na baba yake, aliyekuwa mbeba barua, alimwambia mama kaenda pwani kwa dada yake kupunga hewa. Alikaa na ule uongo mwaka mzima. Kila barua aliyoitoa baba yake mfukoni alidhani ya mama. Alisema hana kinyongo na baba yake, ila vitabu vyote anavyoandika ni vya kwenda kusimama mahali ambapo hakupelekwa.

Nilisoma hayo, Thuraya. Nilikuwa na kalamu mkononi. Sikupaka hata herufi moja. Nikaipigia muhuri, inaruhusiwa, nikaitia kwenye kasha la kutoka. Jioni nilikuja nyumbani nikakupa bangili nyingine.

Mpaka leo sijui nilikuwa mtu wa aina gani jioni ile. Nilikuwa nimeelezwa kila kitu, kwa Kiingereza fasaha, na mtu aliyepitia mwenyewe, na miguu yangu ikanipeleka vilevile.

Binamu yako ndiye aliyekuambia, shuleni, kwenye foleni ya kununua sambusa. Alidhani unajua. Ulirudi ukazivua bangili ukazipanga mezani mbele yangu, hukulia, ukauliza, "Ile sura ina nini?" Ulisubiri. Uliniangalia na kunisubiri, mtoto wa miaka tisa na begi la shule mgongoni, na mimi nikanyanyuka nikaenda kuswali, na haukuwa hata wakati wa swala.

Miaka ikapita kwa adabu. Shikamoo Baba, marahaba mwanangu, chai tayari, asante. Ulipofika kumi na tano ulijinunulia kitabu kile cha pili, kizima, kwa pesa zako za sikukuu. Ulikuja ukasimama mlangoni mwa chumba changu nacho mkononi.

"Yeye walimwacha amwite mama yake," ulisema. Ukafunga mlango taratibu.

Nilidhani baada ya hapo huna haja tena na kile nilichokikata. Basi hii tufani iliyotupiga juzijuzi, maji yalipojaa barazani na matope kuingia mpaka kabatini, ulipiga mbizi kuokoa vitu vyako na ulitoka na kitabu kimoja, kile changu. Kizima ulikiacha kikalowa na kuvimba. Nilikuuliza kwa nini, ukasema, "Hiki ndicho ulichonisomea." Na jana nimekiona kwenye begi, chini ya masweta. Sijui unakibeba kwa mapenzi au unakibeba kama mtu anavyobeba ushahidi. Sitakuuliza. Yote mawili ni haki yako.

Kitabu cha mwisho cha Bibi wa Mvua nimekimaliza. Nilikichukua chumbani kwako bila ruhusa nikaenda nacho hospitali, nikakisoma kwenye viti vya kusubiria. Muuguzi mmoja wa Kenya aliyekuwa akiita majina alisimama mbele yangu.

"Mzee, hata wewe unasoma hizi? Si ni za watoto?"

"Nimetumwa na binti yangu," nilimwambia.

"Basi usiniambie inaishaje, tafadhali. Mimi bado niko kwa ya tatu. Nasoma nikimaliza shifti, nalia, nalala."

Tukacheka. Alirudi baadaye kuniita kwa daktari na hakucheka tena, maana alikuwa ameshaona faili. Nilipotoka alinishika kiwiko mpaka kwenye lifti, akaniambia, "Pole, mzee wangu. Uko na watu?" Nikasema nina binti.

Mwisho wake umeusoma. Lango halifunguki upande wa pili. Hakuna hata mmoja anayerudi, mama harudi, na mvua haikatiki. Nimeona kwenye magazeti wasomaji wamemlaumu, wazazi hasa, kwamba kawavunja moyo watoto waliomngojea mama yule miaka yote ile. Aliwajibu kwamba hakuwaahidi kitu. Zamani ningempaka wino. Safari hii nilikaa na kitabu mapajani, na majibu ya daktari ndani yake kama alama ya ukurasa, nikaona huyu mpishi wa shule ndiye mtu pekee aliyekulea bila ya kukudanganya.

Sasa nafika kwenye lile nililokuwa nalizunguka. Unajua kwamba nilikudanganya wewe. Hujui kwamba nilimdanganya na yeye.

Siku zile za mwisho Madras mama yako hakuwa na nguvu ya kuinua kikombe. Kila mlango ulipofunguka aliuliza, "Thuraya?" Ni mfagiaji, ni daktari, yeye anauliza. Daktari alikuwa ameshaniambia niite watu wake. Ningeweza kumpigia simu Raya, ungefika. Raya alikuwa na pasi yako mkononi, alikuwa akiningoja niseme neno. Sikusema. Nilijiambia mtoto asimwone mama yake katika hali ile, abaki na sura ya yule wa jikoni. Nilijiambia nakuhifadhi. Uongo. Nilikuwa siwezi kuuona uso wako ukiingia mlangoni pale. Ni uso wako niliouogopa, basi, na woga wangu nikauita huruma, na nimeuita huruma kwa miaka yote hii.

Kwa hiyo alipouliza nilimjibu. "Yuko njiani, Zuwena. Raya anamleta. Wameshapata ndege."

Akatulia. Akamwomba muuguzi amchane nywele na kumpaka wanja ili usije ukaogopa. Akataka kitanda kigeuzwe aelekee mlangoni. Ilipofika jioni ya siku ile nilijua, mtu huwa anajua, nikamwambia nimgeuze kibla. Akanikatalia. Sauti yake ilikuwa ndogo sana, niliinama kuisikia. "Ngoja kidogo," alisema. "Mtoto ataingia sasa hivi."

Akafa hivyo, macho yake yameelekea mlangoni. Mimi nilimgeuza baadaye, mwenyewe, alipokuwa hasikii tena.

Hiyo ndiyo sura niliyoikata. Ile ya kitabu ungeipata duka lolote. Hii hakuna aliyeichapa, na nilikuwa nimekusudia kwenda nayo kaburini. Sikupi ili unisamehe. Sidhani inasameheka na sijui ningefanya nini na msamaha kwa muda uliobaki. Nakupa kwa kuwa ni mali yako na ya mama yako, na mimi nilikuwa nimeikalia tu. Alikungoja. Hakuondoka akidhani umemsahau. Alipakwa wanja kwa ajili yako.

Utaona humu nimekosea maneno na pengine nimerudia. Sikufuta popote, na kalamu nyeusi nimeitia kwenye pipa la jikoni, juu yake nikamwaga majani ya chai nisiifuate.

Barua hii sitaificha kwenye begi ukaikute huko uendako. Nitakupa mkononi mkirudi kutoka Ruwi, mbele ya shangazi yako, wakati begi bado liko wazi na safari bado ni yako. Kama utakwenda, nenda. Kama utabaki, baki. Natamani niseme moja ninalolitaka, na ninalo, unaweza kulikisia. Lakini niliwahi kukuamulia wapi usimame wakati mama yako anakufa, na siwezi kuamua tena mahali pa kusimama wakati wangu. Raya nimemwapisha kwa Msahafu. Siku ikifika atakupigia palepale na atalitaja neno lenyewe, kufa. Hatakuambia baba kazidiwa, hatakuambia njoo haraka. Alilia sana lakini ameapa.

Na mimi nina ombi moja kwako, nalo ni zito, kwa sababu wewe una moyo wa mama yako na utataka kunituliza. Siku hizo nitauliza. Najua nitauliza, nitakuwa sina akili ya kujizuia; kila mlango utakapofunguka nitasema jina lako, na wataniwekea simu sikioni. Usiniambie uko njiani kama huko njiani. Hata kama Raya atakubembeleza, hata kama sauti yangu itakutia huruma. Kama unakuja, niambie nikungoje, nami nitangoja. Kama huji, au hutawahi, niambie huji, mwanangu, kwa maneno hayohayo, ili wanigeuze kibla.

Baba yako